Ua Moja la Mama Dahabo

Idris, ambaye sasa ndiye mkubwa wa karakana yetu ya masanduku hapa Garissa, ameniomba niweke mambo ya kazi mahali ambapo nyinyi mnaobaki mtayapata. Nilimwambia mimi ni mtu wa brashi, kalamu sikuizoea. Akasema, "Mzee Komora, wewe ongea kwenye simu, mimi nitaandika." Basi ninaongea, Idris anaandika, na akikosea lawama ni zake. Nimechoka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akatafuta uchangamfu humu akaukosa.

Kwa asiyetujua, sisi tunatengeneza masanduku ya bati. Ya wanafunzi yanapakwa nyeusi tupu, yanatiwa komeo na jina la mtoto, kwisha. Ya maharusi ni habari nyingine. Bibi harusi wa huku huondoka kwao na sanduku la nguo, na sanduku lisilo na maua ni kama chai isiyo na sukari: watu watainywa, lakini mwenye nyumba atasemwa. Maua hayo nilikuwa nayapaka mimi. Wateja walizoea kusema kwamba maua yangu yanawaka. Wengine walidhani natia dawa fulani kwenye rangi, na sikukanusha, maana mtu akiamini una dawa habishani sana.

Nilifika Garissa nikiwa kijana kutoka Hola. Mjomba alikuwa ameniambia kuna nafasi ya kuchomelea vyuma katika karakana hii. Nilipofika nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu aliyekuja na mashine yake mwenyewe. Nikasimama pale langoni sina mbele wala nyuma. Ndipo akatoka Fundi Athumani, Mmombasa mnene aliyevaa shati jeupe. Alikuwa mpaka rangi wa karakana, na katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuona tone kwenye lile shati. Mimi hadi leo siwezi kufungua kopo bila kuchafua ndevu.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Najua kuchora."

"Sikukuuliza unaota nini. Nimekuuliza unajua nini."

Akanipa kipande cha msasa na kuninyooshea kidole rundo la masanduku mabichi. Nilisugua bati mpaka vidole vikapoteza alama zake. Wiki zikaja zikapita, mwenzenu nasugua tu. Nikathubutu kumuuliza ni lini nitashika rangi. Akanijibu, "Unaishika sasa hivi, ila huijui." Nilimwona ni mtu wa kujisifu tu. Baadaye nilielewa, na sasa nawaambia nyinyi, kwa sababu nawajua, mnapenda kurukia ua kabla ya bati.

Ua linalong'aa linaanzia chini. Unasugua bati, unalipangusa kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, unapaka rangi ya kwanza. Halafu mahali ua litakapokaa unapaka nyeupe, nyembamba. Inakauka, unaisugua kwa msasa uliolowa maji, unapaka tena, unasugua tena. Nyeupe hiyo ikiwa laini kama ganda la yai, hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria nyekundu. Na nyekundu hutaitoa kwenye kopo ukaipaka nzito kama uji. Unatia rangi kidogo sana ndani ya vanishi, unapaka utando ambao jicho linapita. Mwanga unaingia, unagonga ile nyeupe chini, unarudi. Ndiyo siri yote. Ukipaka nzito mwanga haurudi, na ua linakufa hapo hapo mkononi mwako. Ua langu la kwanza nilipaka nzito. Fundi Athumani alilitazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akaniuliza, "Hili ni ua au ni kidonda?"

Jambo la pili alilonifundisha ni giza. Pembeni mwa ua unaweka majani ya kijani kilichokaribia kuwa cheusi. Vijana hawapendi hilo, wanataka kila mahali pang'ae. Pakiwa na ng'aro kila mahali, jicho halina pa kushika.

Brashi tulitengeneza wenyewe, zile ndogo. Za dukani zilikuwa zinamwaga nywele kama mbuzi mwenye ukurutu. Nywele za mbuzi zenyewe nilizijaribu, ni laini mno, zinalala hazirudi. Zinazofaa ni nywele za ndani ya sikio la ng'ombe. Nilikuwa naamkia soko la mifugo, nazungumza na wachinjaji, narudi na masikio ndani ya mfuko wa plastiki, na watu wa karakana wanahama upande wa pili wa upepo. Unaziosha kwa sabuni, unazipanga ncha kwa ncha, unazifunga kwa uzi na kuzibana kwenye kipande cha bati. Brashi yangu ya mwisho nimempa Idris. Ameitundika ukutani kama picha ya marehemu. Idris, brashi haitundikwi, inaoshwa na kutumika. Andika na hilo.

Na kazi yetu ni ya alfajiri. Jua la Garissa likishapanda, bati linakuwa kikaango. Ukipaka vanishi saa hizo inatoa malengelenge mbele ya macho yako. Msimu wa upepo nao vumbi linakuja kulala juu ya rangi mbichi kama limealikwa. Nilikuwa nikiswali alfajiri naenda moja kwa moja kazini, na jua likichachamaa natoka, na watu wakinikuta nimejilaza kivulini mchana wananiita mvivu. Niliacha kuwajibu.

Waliuliza pia kwa nini maua tu. Kuna mfanyabiashara wa mifugo aliyetaka ngamia wake apakwe juu ya sanduku la binti yake, na akamleta ngamia mwenyewe hadi langoni ili nisikosee. Fundi Athumani akamwambia kwa adabu, "Viumbe vyenye roho tunamwachia Mwenyezi Mungu. Sisi tunamfanyia bustani." Yule bwana akakubali. Ngamia hakukubali kuondoka, akatafuna turubai letu.

Kutoka kambi za wakimbizi za Dadaab walikuja wateja waliotaka maua ambayo sijawahi kuyaona. Mzee mmoja alitaka ua lililokuwa likichanua ukutani kwao Somalia kabla hajakimbia. Alikaa karibu yangu, kila nikipaka ananiita adeer, yaani ami, anasema, "Hapana, adeer, lilikuwa limefunguka zaidi." Nafungua. "Zaidi kidogo." Nikafungua mpaka likawa kama sahani. Akalitazama kwa muda mrefu, akasema sasa limefanana, kisha akaanza kulia na mimi nikaenda kuosha brashi zilizokuwa safi.

Lakini kazi niliyokusudia kuwaeleza ni ya Mama Dahabo. Mengine yote nimesema ili mfike hapa mkiwa na akili ya kazi.

Ilikuwa mwaka wa mvua chache, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaanza kushika mtandao mjini. Alikuja mwanamke mrefu wa makamo, mfugaji wa kutoka Kotile, ameshikwa mkono na binti yake. Binti aliitwa Fardosa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Cha mama kilikuwa kile cha sokoni, kinachofika kinakokwenda bila kupiga hodi. Macho ya mama yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa kope zinazogeukia ndani, ule uliowala watu wengi wa malishoni. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, na kidogo tu kati yake.

"Fundi," akasema, "huyu naenda kuolewa Mandera. Mbali. Mimi ndio mama, nyumba yake mimi natengeneza. Mkeka nimesuka. Kamba nimesuka. Chombo ya masiwa nimefuma. Yote kwa mkono hii, macho hakuna. Sanduku tu ndio siwezi."

"Sanduku tutakutengenezea sisi, Mama. La kupendeza."

"Kubendeza ni kitu yenu. Mimi nataka nione. Hiyo ua, nataka niione mimi mwenyewe kabla mtoto hajaenda. Nisitoe kitu sijaona."

Fardosa aliangalia chini. Nilielewa kwamba walishabishana jambo hilo njiani. Wakati ule nilikuwa na ujana na sifa za watu, nikamjibu, "Utaliona, Mama." Fundi Athumani alikuwa nyuma yangu akisaga rangi. Walipoondoka akasema, "Kinywa chako kimepaka rangi nzito."

Nilipaka sanduku zuri kuliko yote niliyokuwa nimefanya. Bustani nzima. Waridi jekundu, yale maua ya pinki ya jangwani yenye shina nene kama chupa, vichipukizi, majani. Liliwaka pale uani, wapita njia wakasimama. Mama na binti walikuwa wamefikia kwa jamaa zao pembeni mwa mji, kwenye bulla, mtaa ambako nyumba za mawe zinaisha na zile za miti na mikeka zinaanza. Tukalipakia kwenye mkokoteni, mimi na mwenye punda, tukalipeleka.

Nyumba ile ilikuwa ya mviringo, ya kuinama unapoingia, mikeka juu na pembeni, mwanga unaingia mlangoni tu. Tukaliweka sanduku mahali pake, upande wa ndani. Nikageuka kulitazama. Wallahi, sikuliona ua hata moja. Bustani yangu yote ilikuwa imezama. Nyekundu, ambayo nje ilikuwa inawaka, humo ndani ilikuwa nyeusi. Nilisimama kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

Fikirieni. Karakana yetu ilikuwa imepaka masanduku ya maharusi tangu kabla sijazaliwa, na kila sanduku tulilitathmini likiwa uani, juani. Hakuna aliyewahi kuingia kulitazama kule linakokwenda kuishi. Wateja walisifu wakichukua, wakaenda nalo gizani, na kwa adabu zao hawakurudi kutuambia.

Mama Dahabo akapiga magoti kando ya sanduku, akalipapasa. Akainua uso wake. "Masha'Allah," akasema. "Nimeona. Fizuri sana, Fundi."

Alikuwa amegeukia upande wa mgongo wa sanduku, ule usio na ua. Fardosa akatoka nje haraka, nikasikia analia kwa sauti ya chini.

Ningeweza kuondoka. Alishanisamehe kabla sijaomba. Lakini ile "nimeona" iliniuma kuliko kama angenitukana. Nikapiga magoti karibu naye. "Mama," nikamwambia, "usinionee haya. Mimi ni fundi, mtu wa kuambiwa. Unaona nini?"

Aliliacha sanduku, akageukia mlangoni. Kisha akasema, "Naona mlango. Wewe umekaa mbele yake, naona kama mti. Sanduku, naona giza."

"Na ndani ya nyumba hii kuna kitu unachokiona?"

Akafikiri. Akanyoosha mkono akavuta chombo cha maziwa, vile vyombo vyao vilivyofumwa na kufukizwa moshi mpaka ndani pakawa peusi. Akakifunua, akakiinamisha kuelekea mlangoni. "Hii naona," akasema. "Masiwa. Najua imebaki ngabi, sitii kidole."

Nikachungulia. Kwenye ule weusi kulikuwa na duara moja jeupe la maziwa, limetulia, na mwanga wote wa nyumba ile ulikuwa umekwenda kukaa pale.

Nililirudisha sanduku karakana na mkokoteni ule ule. Mwenye punda akataka kujua kama mteja amekataa. Nikamwambia aangalie punda wake.

Harusi ilikuwa imekaribia. Lori la kwenda Mandera lilikuwa limeshapangwa, na lori halimsubiri fundi. Nikachukua turubai lililotafunwa na ngamia, nikalitandaza juu ya meza mbili, nikaacha upenyo upande mmoja mfano wa mlango, nikaingia chini yake na vipande vya bati na brashi. Karakana nzima ilicheka. Fundi Athumani alikuja akainama akachungulia. "Umezaliwa upya au umezikwa?" Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye kopo. Lakini alasiri nikamwona ameingia yeye mwenyewe, na shati lake jeupe, akakaa kitako kwenye vumbi. Tukakaa wawili chini ya turubai, tunageuza vipande vya bati kwenye ule mwanga mdogo.

Nyekundu ilikufa. Buluu ilikufa hata kabla yake. Ile rangi ya fedha ya kupakia matangi niliijaribu chini badala ya nyeupe, ikawa inang'aa pembe moja na kufa pembe nyingine. Mwishowe Fundi Athumani akasema, "Wewe, yule mwanamke amekuonyesha maziwa, mbona unahangaika na waridi?"

Basi nikafanya kama maziwa. Ua moja, peke yake, ukubwa wa sahani ya pilau. Nikapandisha nyeupe juu ya nyeupe, nikisugua kila mara, mpaka ikawa na mwinuko unaougusa ukauhisi. Juu yake vanishi yenye manjano kidogo tu, petali kwa petali, katikati nimeacha weupe. Na pembeni kote hakuna jani wala kichipukizi: nyeusi tupu, nyeusi ya masanduku ya shule, ile niliyokuwa naidharau. Nilifanya kwanza kwenye kipande cha bati. Nilikipeleka kwa miguu, nimekishika kwa kingo kwa sababu kilikuwa hakijakauka vizuri.

Nikaingia, nikakiegemeza mahali pa sanduku, nikarudi nyuma. Sikumwambia nimekiweka wapi. Mama Dahabo alikuwa anasuka kamba. Vidole vikasimama. Akageuza uso, taratibu, mpaka ukakabiliana na lile bati.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Wewe niambie."

Akasogea kwa magoti. Akanyoosha kidole, kikatua ukingoni mwa ua bila kupapasa. "Inaanza hapa," akasema. Akafuata mzunguko, petali baada ya petali. "Hapa inaingia. Hapa inatoka. Inaisha hapa." Kufika sehemu moja kidole kilisimama kidogo na yeye akacheka.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," akasema, na kidole kikaendelea.

Fardosa alikuwa mlangoni. Alimwita, "Hooyo," yaani mama. Mama akamjibu kwa Kisomali maneno marefu. Nilimuuliza Fardosa amesema nini. "Amesema sasa naweza kwenda," akanijibu.

Sanduku nililipaka upya alfajiri zilizofuata, ua moja kwenye weusi, na likaenda Mandera juu ya lori likiwa limefunikwa kwa gunia. Wapita njia hawakusimama tena. Nje juani lilikuwa ua la kawaida kabisa, mmoja akaniuliza kama rangi imeniishia. Mama Dahabo akaniomba kile kipande cha bati cha kujaribia. "Mtoto ameenda na yake," akasema, "mimi nibaki na yangu." Nikampa. Akarudi nacho Kotile.

Toka hapo, kila aliyeagiza sanduku nilimuuliza kwanza: linakwenda kukaa wapi, mlango uko upande gani, dirisha lipo? Wengine walikereka. Mama mmoja wa Buna aliniuliza kama nataka kununua nyumba yake. Lakini walioniambia, nilipaka kwa kufuata mwanga wa nyumba zao, si wa uani kwetu. Fundi Athumani naye aliacha kunitania kwa muda, kisha akarudi kwao Mombasa na huko akafariki, Mungu amrehemu. Turubai sikulitupa, nyinyi mnalijua, ndilo lile mnalofunikia simiti.

Miaka ya mwisho sina mengi. Zikaja stika. Unakata, unabandua, unabandika, waridi limeshachanua. Wewe Idris ndiye uliyenijia na ile ya kwanza, ukasema, "Mzee, hii ndiyo inauza siku hizi, si kushinda umeinama kwa ua moja." Nilikasirika, nikakuita mvivu. Zinauza kweli. Zinabanduka kwenye joto, lakini zikibanduka zimeshauzwa.

Na macho. Nilianza kuona ukungu pembeni, nikasema ni vumbi. Kisha rangi zikaanza kunidanganya. Nilikuwa nayapanga makopo kwa mpangilio nisiambiwe kitu, mpaka mtu mmoja alipofagia akayarudisha ovyo, nikampakia mteja waridi la kijani. Akasema, "Masha'Allah, mtindo mpya." Mlicheka wote na mimi nikacheka, lakini sikulala vizuri wiki ile. Daktari wa macho alinimulika, akaniambia ni mshipa wa jicho, na kilichokwenda hakirudi, tutajaribu kulinda kilichobaki. Sikumwambia mtu. Nikaendelea kuja alfajiri, nikishika brashi kwa mazoea, na nyinyi mkawa mnarekebisha kazi yangu nikienda kunywa chai. Mlidhani sijui. Harufu ya vanishi mbichi naijua.

Asubuhi moja nimekaa kwenye kigoda changu, lango limefunguliwa. Kwangu lango lilikuwa mwanga mweupe na mambo ya kijivu yakipita. Mara nikaona ua. Halikuwa na mtu wala kitu chochote kulizunguka. Ua la rangi ya maziwa, kubwa kama sahani, linaelea, linakuja kwangu kidogo kidogo. Nikadhani ndiyo mwisho, malaika wamekuja na mzaha. Nikasimama. Ndipo nikasikia wanaume wawili wanahema, na kishindo cha bati likiwekwa chini ndani ya kivuli cha banda.

"Assalamu alaykum, Fundi," ikasema sauti ya mwanamke. "Mimi Fardosa. Wa Mama Dahabo. Umenisahau?"

Alikuwa ametoka Mandera. Binti yake mkubwa anaolewa, na alitaka ampe lile sanduku la bibi yake. Bawaba zilikuwa zimelegea, pembe moja ilikuwa imebonyea. Akasema pia, "Na ua, Fundi, kama unaweza kulipaka upya lifanane na jipya."

Nikapiga magoti. Nilitaka kukagua kama rangi imepasuka, kazi yangu ya kila siku. Nikanyoosha kidole, kikaenda penyewe hadi ukingoni, nikaanza kuufuata. Hapa linaanza. Hapa linaingia. Hapa linatoka.

Fardosa alikuwa ameendelea kuongea habari za safari. Akakatisha. Nyundo ya Idris nayo ikasimama.

"Fundi," akasema polepole. "Na wewe pia?"

Nilitaka kusema naona vizuri. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la adabu. Nikamkumbuka mama yake amepiga magoti mbele ya mgongo wa sanduku.

"Na mimi pia," nikasema. "Hili ndilo ninaloliona. Mengine ni giza."

Nikamwambia Idris akaze bawaba, anyooshe pembe, asiguse ua. Nikaosha brashi, nikampa. Ndivyo nilivyostaafu. Ile sherehe mliyofanya baadaye na soda na pilau nashukuru, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka siku ile.

Fardosa hakwenda mara moja. Alikuwa na kitu ndani ya mtandio, kimefungwa kwa kamba iliyosukwa kwa mkono. Kipande cha bati. Mama Dahabo alikaa nacho Kotile mpaka alipofariki, kila alipohamia anakiweka ndani mkabala na mlango. Fardosa alikuwa amekirithi na kutembea nacho. "Sanduku linakwenda na binti yangu," akasema. "Hiki kilikuwa cha mtu asiyeona. Chukua, Fundi." Nikakipokea kwa mikono miwili.

Nimekitundika nyumbani, mkabala na mlango. Asubuhi mke wangu akifungua, naliona. Nakaa nalo, maana sina kazi nyingine. Juzi nikawa nalifuata kwa kidole, na kufika petali ya kushoto kidole kikasimama. Imepinda. Imepinda vibaya, na nyeupe imefanya nundu, kosa ambalo Fundi Athumani angelicheka mpaka Ijumaa. Wakati ule nilikuwa na macho yangu yote mawili na sikuliona.

Mama Dahabo aliliona siku ile ile. Ndilo alilocheka.